Sura ya Nne: Hoteli ya Kijani Kando ya Jiji, na Kinacholipiwa Ndani Yake

Kwa nini chumba kisicho na kiyoyozi, kisicho na televisheni, na wakati mwingine kisicho hata na choo cha kuvuta maji, kigharimu zaidi kuliko chumba chenye vyote hivyo katikati ya mji? Swali hili huulizwa karibu kila zinapotajwa hoteli ndogo zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira, hasa zile zilizoko mwendo mfupi kutoka jijini, ambako mwananchi wa kawaida anaweza kwenda kulala siku mbili bila kupanda ndege. Anayeuliza hana kosa, kwa maana mazoea ya biashara ni kwamba anayepewa kidogo hulipa kidogo.

Jibu linaanzia mahali ambapo mgeni haoni. Hoteli ya kawaida ya mjini huvuta maji kutoka bomba la umma au kisima kirefu, husukuma maji machafu kwenye mfereji au shimo, hupeleka taka dampo, na hununua umeme kutoka gridi, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo ya nchi nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo wake hubebwa na wakazi wote wa jiji, wakiwemo wasioijua hata hoteli yenyewe. Hoteli ya kijani ya kweli huubeba mzigo huo ndani ya ua wake, na gharama ya kuubeba huonekana kwenye bei ya chumba. Ile isiyo ya kweli hutoza bei hiyohiyo huku mzigo ukiendelea kwenda jijini kama kawaida. Sura hii inahusu namna ya kuzitofautisha.

Maneno mawili yanayouza vyumba

Hoteli ya butiki ni hoteli yenye vyumba vichache, mara nyingi chini ya mia moja na wakati mwingine chini ya ishirini, ambayo hujitofautisha kwa sura yake yenyewe badala ya kufuata mtindo mmoja wa kampuni yenye matawi dunia nzima. Mifano inayotajwa zaidi katika historia yake ni hoteli ya Blakes ya London, iliyofunguliwa mwaka 1978, na Morgans ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1984. Zote mbili zilikuwa hoteli za mjini, na hazikuwa na habari yoyote na mazingira. Zilichouza ni mapambo na upekee. Ndoa kati ya udogo na ukijani ilikuja baadaye, na si ya lazima, kwa sababu hoteli yenye vyumba kumi inaweza kuchafua pwani kuliko yenye vyumba mia iliyojengewa mtambo mzuri wa kusafisha maji taka.

Neno la pili ni ule ukijani wenyewe, na hapa tahadhari ilianza mapema. Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliandika kuhusu vijikadi vinavyowekwa bafuni kumwomba mgeni atumie taulo moja zaidi ya siku moja kwa ajili ya kuokoa dunia, akaonyesha kwamba hoteli hizo hazikuwa zikifanya juhudi nyingine ya maana, na kwamba kilichookolewa kwanza ni gharama za dobi. Kutokana na hoja hiyo lilizaliwa jina la Kiingereza la tabia inayoweza kuitwa kupaka rangi ya kijani, yaani kutangaza wema wa kimazingira ambao haupo, au upo kidogo mno ukilinganishwa na kelele zake.

Kwa haki, kadi ya taulo si bure kabisa. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 waliona kwamba kadi inayotaja mazingira tu ilifanya takribani asilimia 35 ya wageni warudie taulo, ilhali kadi iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hurudia ilifikisha takribani asilimia 44. Binadamu huwafuata wenzake. Lakini taulo ni jambo dogo, na hoteli inayoanzia na kuishia hapo haijaanza.

Chumbe: kisiwa kilicho mbele ya mji

Mfano wa Afrika Mashariki unaofaa kutazamwa kwa karibu ni kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, safari ya mashua isiyofika saa moja kutoka pwani ya Unguja. Mkoa wa Mjini Magharibi, ulio ng'ambo ya mkondo wa bahari, ulihesabiwa kuwa na watu takribani 890,000 katika sensa ya 2022. Kisiwa chenyewe ni kidogo, takribani hekta 22. Kina msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe ya kale, mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 kuongoza meli, na msikiti mdogo wa zama za walinzi wa taa.

Upande wake wa magharibi una mwamba wa matumbawe, yaani ukuta chini ya maji uliojengwa na viumbe wadogo sana wanaotoa chokaa, ambamo samaki huzaliana na kujificha. Mwamba huo ulisalimika kwa sababu ambazo hazikuwa za kimazingira: shughuli za kijeshi za pwani ya jirani na njia ya meli ziliwaweka wavuvi mbali kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi, na usimamizi ukawekwa mikononi mwa kampuni binafsi iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller, mhifadhi mwenye asili ya Ujerumani. Baadhi ya waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa askari wa hifadhi, kazi ambayo hufanyika zaidi kwa mazungumzo na wavuvi wenzao kuliko kwa amri. Msitu nao ulipokea paa nunga, mnyama adimu sana ambaye huko Unguja amesakamwa na uwindaji na ukataji wa misitu.

Hoteli ilijengwa ili kulipia hayo yote. Ina nyumba ndogo saba tu za wageni, na kila moja imejengwa ijitegemee. Paa kubwa la makuti limeinamishwa kwa namna inayokusanya mvua. Maji hupita kwenye chujio la mchanga na kushuka ndani ya birika lililochimbwa chini ya sebule, hivyo mgeni anayekaa kwenye kiti chake hukaa juu ya akiba yake ya maji. Kutoka birikani maji hupandishwa kwa pampu ya mkono na kugawanyika mara mbili, mengine yakipita kwenye kifaa cha kupashia moto kwa jua na mengine yakibaki ya baridi, ndipo yafike kwenye bomba la kuogea. Chumba cha kulala kiko juu, chini ya makuti, na upande wake unaotazama bahari unaweza kushushwa kwa kamba ili upepo uingie moja kwa moja kitandani. Taa chache zinatumia sola, na usiku anayetaka kutembea hupewa tochi, kwa kuwa mwanga mkali wa ufukweni huvuruga viumbe wa baharini na wa nchi kavu wanaojipangia maisha kwa giza.

Choo ndicho kinachowashtua wengi. Ni choo cha mboji, maana yake ni choo kisichotumia maji, ambamo kinyesi huangukia kwenye chumba cha chini na kufunikwa kwa koleo la majani makavu kila baada ya matumizi. Bomba refu la kutolea hewa huvuta harufu juu, na vijidudu vya kawaida hukigeuza kinyesi kuwa mboji kadiri muda unavyopita. Kikisimamiwa vizuri hakinuki. Kikisimamiwa vibaya hunuka kuliko choo chochote, na ndiyo maana hoteli nyingi zinazokiiga kwa picha huacha kukiiga kwa vitendo.

Maji ya kuogea, ambayo hayana kinyesi lakini yana sabuni, hupitishwa kwenye changarawe na kitalu cha mimea inayopenda virutubisho. Mpango huo una sababu ya kisayansi iliyo rahisi kueleweka: matumbawe yamezoea maji yenye lishe chache, na maji machafu yakimwagika karibu nayo hulisha mwani, mwani ukakua haraka, ukayafunika na kuyanyima mwanga. Kwa hiyo hoteli inayouza mandhari ya matumbawe huku ikimwaga maji yake baharini inakata tawi ililokalia.

*Kwa ufupi:* katika nyumba ya Chumbe maji hayaletwi kutoka nje ya ua, wala hayatoki humo bila kusafishwa. Vitu vingine, kama makuti, mbao za kuvutia na matunda mezani, hata hoteli isiyojali inaweza kuwa navyo.

Mpango huu ulitambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 kupitia tuzo ya Global 500 ya shirika lake la mazingira. Hata hivyo isidhaniwe kwamba hoteli nzuri inaweza kuyakinga matumbawe na kila balaa. Joto la bahari la mwaka 2016 liliyapausha matumbawe ya sehemu nyingi za bahari ya Hindi, ya Chumbe yakiwemo, na joto hilo halikutoka Chumbe.

Hesabu ya mvua

Msomaji anaweza kujiuliza kama mvua inatosha kweli. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuchukue paa lenye eneo la mita za mraba 100 mahali panaponyesha takribani milimita 1,600 kwa mwaka, kiasi cha kawaida kwa Unguja mjini. Paa hilo hupokea lita 160,000. Robo ikipotea kwenye makuti na kwa kufurika, hubaki lita 120,000, ambazo zikigawanywa kwa siku za mwaka ni takribani lita 330 kwa siku, yaani lita 165 kwa kila mmoja wa wageni wawili.

Kiasi hicho kinatosha, ila kwa masharti. Bomba la kawaida la kuogea hutoa takribani lita 10 kwa dakika, kwa hiyo anayeoga dakika kumi amekwishatumia lita 100. Choo cha zamani cha kuvuta hunywa lita 9 kila kinapovutwa. Ndipo inapoonekana kwamba choo cha mboji na pampu ya mkono vimewekwa kwa sababu ya hesabu kabla ya kuwa mapambo ya falsafa: mgeni anayepandishiwa maji kwa mkono huyaona yakiwa na uzito.

Shida kubwa zaidi ni kalenda. Mvua ya pwani haiji kwa mafungu sawa ya kila siku. Masika humwaga kwa wingi kati ya Machi na Mei, vuli huja tena kuelekea mwisho wa mwaka, na katikati kuna miezi ya kipupwe ambayo hunyesha kidogo. Ili kuvuka miezi minne kwa lita 330 za siku, birika linapaswa kushika karibu lita 40,000, na birika la ukubwa huo kwa kila nyumba ni ujenzi wa fedha nyingi uliozikwa ardhini, mahali ambapo hakuna mpiga picha anayefika.

Dimbwi dogo la kuogelea, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha mita moja na nusu, lina lita 48,000, zaidi ya birika hilo zima. Jua la pwani likilipunguza kwa milimita 5 tu kwa siku, hupotea lita 160 hewani, karibu sawa na mgao wa mgeni mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vijiji vya utalii vya Unguja, vikiwemo Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kijijini ikitumia takribani lita 93 kwa siku ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikitumia zaidi ya lita 3,000. Maji hayo yote yanatoka kwenye tabaka moja la maji baridi lililo chini ya kisiwa, ambalo likivutwa kupita kiasi hupandisha maji ya chumvi kwenye visima vya kila mtu.

Baridi ya chumba na nyaya za baharini

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipozwa kwa kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, na vyumba vyembamba vilivyofuata urefu wa boriti za mikoko. Hoteli ya kijani iliyojengwa vizuri hurudia akili hiyo, kisha huongeza feni. Feni ya dari hutumia takribani wati 60, wakati kiyoyozi cha chumba kimoja huhitaji kama wati 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sola na betri chache zitatosha, au jenereta italazimika kunguruma usiku kucha.

Kiyoyozi kina tatizo la pili lisilosemwa sana. Ndani yake huzunguka gesi ya kupoozea, na aina iliyoenea sana, R-410A, ikivuja kilo moja hulipasha joto anga sawa na tani mbili hivi za hewa ya ukaa. Mkataba wa kupunguza gesi za aina hiyo ulifikiwa Afrika Mashariki, katika mji wa Kigali, Oktoba 2016. Hoteli inayolazimika kuwa na viyoyozi inaweza kununua vinavyotumia R-32, ambayo madhara yake ni kama theluthi moja, na ikamtaka fundi aikusanye gesi ya zamani badala ya kuiachia hewani. Fundi anayefanya hivyo hugharimu zaidi. Hilo nalo ni sehemu ya bei.

Kuhusu gridi, hukumu inategemea nchi. Hoteli iliyo ukingoni mwa Nairobi na kuunganishwa na gridi ya Kenya hupata umeme ambao sehemu yake kubwa sana hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, hivyo kujitenga na gridi kwa ajili ya jenereta ya dizeli kungekuwa kurudi nyuma. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu baada ya uunganishaji huo kuharibika, kabla ya waya mpya wa megawati 100 kuanza kazi mwaka 2013. Katika miezi hiyo hoteli zilizotegemea gridi ziliishi kwa jenereta, na zenye sola yake hazikuwa na sababu ya kutafuta dizeli.

Ukaribu wa jiji: faida na kishawishi

Kuwa karibu na jiji kuna faida ambazo watangazaji hawazipigii debe ipasavyo. Mgeni kutoka Dar es Salaam hufika Zanzibar kwa boti kwa takribani saa mbili. Anayelala kwenye hoteli ya mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi huwa kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Ukilinganisha na mtalii ambaye safari yake ya ndege kutoka Ulaya na kurudi huweza kutoa zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, mkazi wa jirani ni mgeni wa kijani kabla hata hajafungua mlango wa chumba. Vilevile samaki, mboga, mafundi na wafanyakazi hupatikana bila safari ndefu.

Ila jiji ni kishawishi. Hoteli iliyoko porini kabisa hulazimika kuishi na taka zake, ilhali iliyo karibu na jiji inaweza kupakia mifuko kwenye gari alfajiri na kubaki safi, na mifuko ikaishia kwenye dampo la Dandora kwa upande wa Nairobi au Pugu Kinyamwezi kwa upande wa Dar es Salaam. Dandora ilitangazwa kuwa imejaa tangu mwaka 2001, na taka bado zinapelekwa. Boza la maji linaloingia kwa mlango wa nyuma kila asubuhi ni ushahidi wa namna hiyohiyo: maji hayo yamechotwa kwa jirani.

Inafaa pia kujihadhari na hoteli inayojisifu kwa kutii sheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019, na Kenya ilizuia plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi zake kuanzia Juni 2020. Kutompa mgeni mfuko wa plastiki, kwa hiyo, ni utii wa sheria tu.

Vyeti, na maswali ya kuuliza kwa simu

Vyeti husaidia kwa kiasi. Chama cha Ecotourism Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, kimekuwa kikipima malazi tangu mwaka 2002 na kuyapa daraja la shaba, fedha au dhahabu. Kimataifa lipo Baraza la Dunia la Utalii Endelevu, ambalo huweka vigezo na kuyaidhinisha mashirika yanayokagua, lakini lenyewe haligawi vyeti kwa hoteli, hivyo anayedai kupewa cheti na baraza hilo moja kwa moja ana la kueleza. Cheti pia kina tarehe, na daraja la dhahabu lililopatikana miaka minane iliyopita linaweza kuwa limepauka.

Kabla ya kulipa, maswali machache ya simu hufichua zaidi kuliko tovuti:

- Maji ya chumbani yanatoka wapi, na katika mwezi wa kiangazi yanatoka wapi?
- Maji ya choo na bafu yakitoka chumbani huishia wapi hasa?
- Nani huchukua taka, na huzipeleka wapi?
- Jenereta huwaka saa ngapi kwa siku?
- Wangapi kati ya wafanyakazi wanatoka vijiji vya jirani, na kuna yeyote kati yao aliye meneja?

Hoteli ya kweli hujibu haraka, mara nyingi kwa kirefu kupita kiasi, kwa kuwa wanaopampu maji kila siku hupenda kuyaeleza. Jibu la "tunajali sana mazingira" halijibu swali lolote kati ya hayo.

Bei, tena

Gharama za birika, doria, mashua na mafunzo zinapogawanywa kwa vyumba saba, kila chumba hubeba fungu zito. Katika Chumbe fungu hilo hulipia pia safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kuyaona matumbawe yao, wengi kwa mara ya kwanza, maana kuishi kisiwani hakumaanishi kuwahi kutazama chini ya maji. Udhaifu wa mpango wa namna hii ulidhihirika mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama: mapato ya utalii yalikatika, ilhali mwamba uliendelea kuhitaji askari wa doria kama jana yake.

Tangu hapo hoja ya kuwategemea zaidi wageni wa karibu imepata nguvu. Hoteli nyingi za Afrika Mashariki zina bei ya wakazi, iliyo chini ya bei ya mgeni wa ng'ambo, na nyingi hushusha zaidi katikati ya wiki na nje ya msimu. Bei hiyo mara nyingi haiandikwi kwenye ukurasa wa mbele, na hutolewa kwa anayeiulizia na kuonyesha kitambulisho. Pale ambapo hata hiyo ni nzito, baadhi ya hoteli hizi hupokea wageni wa kutwa siku ambazo nafasi ipo, wakapata chakula, matembezi ya msituni na maelezo ya maji, kisha wakarudi na mashua ya jioni.